Kusawazisha Dira Maziwe

Droni inapotulia hewani inajua iko wapi, lakini haijui inatazama wapi. Watu wengi niliowaeleza jambo hili hawakuniamini mara ya kwanza, akiwemo kaka yangu, dereva wa bodaboda pale Tanga, anayeishi kwa ramani ya simu. "Si ina setilaiti?" aliniuliza. Ina. Setilaiti zinaipa latitudo, longitudo na kimo, yaani nukta moja angani, na nukta haina mbele wala nyuma. Mfunge mtu kitambaa machoni, mpeleke katikati ya uwanja wa Mkwakwani, mwambie "umesimama kwenye duara la kati," halafu mwagize apige mpira golini. Aliposimama anapajua vizuri kabisa. Mpira utakwenda kokote.

Ramani ya kaka inajua mwelekeo kwa sababu pikipiki inakwenda. Ukichukua nukta ya sasa na nukta ya sekunde iliyopita ukaziunganisha, unapata mstari, na pikipiki haiendi kiubavu. Droni inaweza kwenda kiubavu kama kaa, inaweza kurudi kinyumenyume, na mara nyingi kazi yake kubwa ni kubaki palepale ulipoiweka huku upepo ukiisukuma. Ndiyo maana ndani yake kuna dira.

Nikitamka neno hilo, wenzangu wa vitivo vingine wanadhani naanza hotuba. Tulikuwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, sasa tuna ya 2050, na kila asasi yenye kibao barabarani ina dira na dhamira yake. Mimi nazungumzia kitu cha ukubwa wa punje ya mchele: kihisi kinachopima uga wa sumaku wa dunia katika pande tatu kwa mpigo, mara nyingi kwa kila sekunde. Uga wenyewe ni dhaifu. Duniani kote uko kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 hivi, na huku kwetu pwani ya kaskazini ni kama 33,000, karibu na mkia wa orodha. Sumaku ya kubandika karatasi kwenye friji, ukiigusa, inauzidi zaidi ya mara mia. Sasa fikiria mota nne zenye sumaku ndani yake, betri inayomwaga umeme, nyaya, skrubu, na kihisi kimekaa humohumo kikijaribu kusikia mnong'ono unaotoka kwenye kiini cha dunia.

Nilikutana na kihisi hiki kabla sijalijua jina lake. Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa digrii nilimwekea bibi yangu programu ya kibla kwenye simu, nikiona nimemfanyia jambo kubwa. Chumbani kwake, Ngamiani, kuna kitanda cha chuma cha zamani na dirisha la nondo. Kila alipoifungua programu akiwa ameketi kitandani, mshale ulielekea jikoni. Ilimwomba aizungushe simu hewani kwa umbo la nane. Bibi akazungusha, mshale ukaenda bafuni. "Mjukuu wangu," alisema, "msikiti haujahama."

Kutoka Tanga hadi Makka tofauti ya longitudo haifiki nyuzi moja, kwa hiyo ukisimama Tanga kibla ni kaskazini, karibu bila kupinda. Si ajabu kwamba kwa wazee wengi wa pwani neno kibla lenyewe hutumika kumaanisha kaskazini. Na hiyo kaskazini nayo imepewa jina na kaskazi, upepo, kama kusini ilivyopewa na kusi. Bibi alikuwa na msikiti, upepo na ukuta wa chumba, na vyote vitatu vilisema jambo moja. Simu ilikuwa na kitanda.

Miaka mitano baadaye, nikiwa naanza masta ya jiomatiki, mhadhiri aliandika ubaoni milinganyo ya kusawazisha dira nami nikakiona kitanda kile. Siku hiyo nilielewa kitu ambacho mwongozo wa droni hausemi. Unaambiwa: shika droni, izungushe nyuzi 360 ikiwa imelala, kisha iinamishe pua chini, zungusha tena, subiri taa igeuke kijani. Ukisoma hivyo unadhani unaionyesha droni kaskazini ilipo. Siyo. Wakati wa kusawazisha, droni haihitaji kabisa kujua kaskazini iko wapi.

Inachofanya ni hiki. Uga wa dunia mahali uliposimama haubadiliki kwa dakika moja ile. Ukikizungusha kihisi kila upande na kuandika vipimo vyote, vipimo hivyo vinapaswa kuunda tufe ambalo kitovu chake ni sifuri, kama chungwa lililotobolewa katikati. Lakini droni ina sumaku zake yenyewe, na hizo zinazunguka pamoja nayo. Popote inapogeukia, zinavuta upande uleule wa mwili wake. Kwa hiyo tufe linahama, kitovu kinakwenda pembeni. Vyuma laini, vile ambavyo si sumaku lakini vinaupinda uga unaopita, vinalifinya tufe liwe yai. Programu inatafuta kitovu kilipohamia, inalinyoosha yai, na inaandika kwenye kumbukumbu: hiki kiasi ni changu, nikitoe kila nitakapopima. Kinachobaki baada ya kutoa ndicho cha dunia.

Mabaharia walilijua jambo hili kwa gharama. Matthew Flinders, akiizunguka Australia na meli ya Investigator kati ya 1801 na 1803, aligundua kwamba dira yake ilibadilika kutegemea meli imeelekea wapi, ingawa meli ilikuwa ya mbao. Chuma kilichokuwemo kilitosha. Mwaka 1824 Poisson, mwanahisabati wa Ufaransa, aliandika milinganyo ya jinsi chuma cha meli kinavyoivuruga dira, na meli za chuma zilipoanza kuenea, mnajimu wa Uingereza, George Airy, aliisawazisha dira ya meli iitwayo Rainbow mwaka 1838 kwa kuweka sumaku na vyuma karibu nayo. Kabla ya safari, meli ya chuma iligeuzwa polepole bandarini, ikitazama pande zote, huku mtu akiandika dira inasema nini. Tunachofanya na droni mikononi, tukijizungusha kama watoto wanaotafuta kizunguzungu, ni kazi ileile ndani ya dakika moja.

Sasa Maziwe. Kusini mwa mto Pangani, mkabala na Ushongo, kuna fungu la mchanga baharini. Vijana wa Dar es Salaam wanalijua kwa picha: mchanga mweupe, maji ya kijani, kapu la matunda. Maji yakijaa sana hakuna kitu pale, bahari tupu. Lakini Maziwe ilikuwa kisiwa chenye miti, mivinje mirefu. Kilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na mojawapo ya sababu ilikuwa kasa, waliokuja kutaga pale kwa wingi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha na kisiwa kimebaki fungu. Ukataji wa miti umetajwa, bahari kupanda imetajwa, na mjadala haujafungwa. Nahodha wetu, mzee aliyepita miaka sitini, alilala chini ya mivinje ile akiwa mtoto, siku ambazo baba yake alichelewa kurudi dagoni.

Tasnifu yangu ni ndogo kuliko kisa hicho. Ninapima umbo la fungu wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kwa picha za droni, nione mchanga unahamia wapi. Nina nafasi chache sana. Fungu linaonekana lote maji yanapokupwa wakati wa bamvua, na bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi. Huku kwetu bamvua inakupwa mnamo saa nne asubuhi. Toa siku za mvua, toa siku za upepo mkali, toa siku ambazo droni ya idara imeazimwa na kundi lingine. Ilipofika mwezi wa sita nilikuwa na asubuhi mbili kwa msimu mzima wa kusi, na karatasi niliyotia saini kwamba kifaa kikipotea, mwanafunzi na mwenzake watawajibika. Bei yake ilizidi posho yangu ya mwaka.

Tulikuwa wanne: mimi, mwenzangu wa darasa anayetoka Mwanza na asiyejua kuogelea, fundi sanifu tuliyepewa kurusha, na Nahodha. Fundi ni mrushaji mzuri. Nitarudi kwenye hilo. Lakini alikuwa na tabia ambayo nimeiona kwa warushaji wengi, ya kusawazisha dira kama mtu anavyosoma dua ya safari. Jioni aliisawazisha kwenye ua wa gesti, pembeni ya gari. Asubuhi, tukisubiri kivuko cha kwenda Bweni, akaisawazisha tena pale kwenye sakafu ya zege ya gati, kivuko cha chuma kikija. Nilimwambia, "Kaka, hapa chini si pana nondo?" Akanigeuzia skrini. Ilikuwa imeandika kwamba usawazishaji umefaulu. Maneno ya skrini yana uzito kuliko ya mwanafunzi, na kivuko kilikuwa kimefika.

Skrini haikudanganya, lakini ilisema jambo dogo kuliko alivyolielewa. Ilisema: nimepata tufe. Haikusema tufe hilo ni la uga upi. Juu ya nondo uga haulingani. Ukiishusha droni hadi usawa wa magoti unapima kitu kimoja, ukiipandisha kifuani unapima kingine, na hesabu inalazimika kutafuta kitovu cha chungwa lililopondwa. Ikipata jibu linalokubalika kidogo, inalihifadhi. Kuanzia hapo droni inatembea na gati ya Pangani kichwani, ikiamini ni sehemu ya mwili wake. Ndiyo maana miongozo ya droni nyingi za DJI inakuambia usawazishe pale inapoomba, au ukiwa umeenda zaidi ya kilomita 50 kutoka uliporusha mara ya mwisho, au ikiwa imekaa zaidi ya siku 30 bila kuruka, na kila mara mbali na chuma. Kusawazisha kila mara kwa sababu ya hofu, popote ulipo, ni kubahatisha. Kuna siku utaangukia pabaya na kuyafuta masahihisho mazuri uliyokuwa nayo.

Tulifika fungu likiwa linachomoza. Tukapanga mabango ya alama, yale meupe kwa meusi yanayosaidia kuishika picha chini, na Fundi akarusha. Mita ishirini, arobaini, hamsini. Ikasimama. Kusi ilikuwa inavuma kiasi cha kupeperusha mtandio, si zaidi. Droni ikaanza kusogea kidogo kuelekea kulia, kama mtu anayejipanga kwenye foleni. Kisha ikaanza kuzunguka.

Warushaji wana jina la utani kwa jambo hili, wanalifananisha na maji yanavyozunguka ukivuta choo. Sababu yake ni rahisi na inatisha. Upepo unaisukuma droni kaskazini. GPS inaiambia umehama, rudi kusini. Droni inageuza nguvu zake kuelekea inakoamini ni kusini. Lakini dira imepotoka, tuseme kwa nyuzi sitini, na "kusini" yake ni upande mwingine kabisa. Inajikuta imehama zaidi, pembeni. GPS inasema tena, rudi. Inarudi tena, pembeni tena. Kila sahihisho linazaa kosa linalohitaji sahihisho kubwa zaidi, na njia yake hewani inakuwa mzunguko, na mzunguko unapanuka. Hakuna kilichoharibika. Mota ni nzima, setilaiti zipo kumi na tano. Inajitahidi kwa nguvu zake zote kurudi nyumbani, na hizo ndizo zinazoipeleka mbali.

Mwenzangu alianza kuhesabu betri kwa sauti. Mimi nilikuwa naiangalia ile karatasi yenye saini yangu, akilini.

Hapa ndipo uzuri wa Fundi ulipoonekana. Hakubonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, na pale mtu wa kawaida angekibonyeza. Kurudi nyumbani kunahitaji dira. Droni ile ni ya zamani kidogo, ina swichi pembeni ya rimoti inayoiachisha GPS na dira kwa pamoja. Ikishazimwa hivyo inabaki kujua tu kama imelala sawa au imeinama. Haishiki mahali tena, upepo unaichukua kama karatasi, lakini angalau haipigani na mtu. Fundi akaizima, droni ikaacha kuzunguka, ikaanza kuchukuliwa na kusi taratibu. Akaisukuma kwa vidole. Aliitazama yenyewe, wala si skrini. Ilipokwenda kulia akaivuta kushoto. Ilimchukua dakika kama tatu, na alipoishusha mchangani shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Akakaa chini. Akanipa rimoti. "Haya, dada," akasema, "isawazishe wewe."

Fungu la Maziwe ni mahali pazuri mno pa kusawazisha dira. Hakuna nondo, hakuna gari, hakuna waya wa umeme uliofukiwa, hakuna hata jiwe. Ni mchanga na matumbawe yaliyosagika. Na huku karibu na ikweta tuna bahati nyingine. Huko Kaskazini ya mbali, Norway au Kanada, uga wa dunia unaingia ardhini karibu wima, na sehemu yake iliyolala, ile inayoonyesha kaskazini, ni ndogo. Kwetu umelala zaidi. Mstari ambapo uga unalala kabisa, ikweta ya sumaku, unapita juu yetu, upande wa Ethiopia. Uga wetu ni dhaifu, lakini sehemu kubwa yake inafanya kazi inayotakiwa.

Nilitembea hadi katikati ya fungu, mbali na mashua na injini yake. Nikaacha simu, saa na mkanda. Kisha nikavua sumaku ya mtandio. Wasichana wenzangu mtanielewa: tuliacha pini kwa sababu zinatoboa vitambaa, tukahamia kwenye vile vidude viwili vya duara vinavyonatana kitambaa kikiwa katikati. Ni sumaku kali kweli, na unapoishika droni kifuani ziko chini ya kidevu chako, kiganja kimoja kutoka kwenye dira. Miongozo yote niliyosoma inataja funguo, saa na simu. Hakuna hata mmoja uliomwaza mwanamke mwenye mtandio. Kwa hiyo hili naliandika hapa, kwa atakayelihitaji: vua sumaku, funga fundo.

Nikaanza kujizungusha. Mara ya kwanza droni ikiwa imelala, mara ya pili ikiwa imeinamisha pua. Nahodha alikuwa amesimama kando, miguu majini.

"Unaizungua, mwanangu?"

Nilicheka hadi nikapoteza hesabu ya mzunguko. Si mbali, nilimwambia. Ina vitu vyake vya ndani vinavyoivuta, na lazima ivijue ili isivichanganye na vya nje.

"Ndiyo kuzungua huko," akasema.

Nilimuuliza yeye anakipataje Maziwe wakati maji yamejaa na fungu halionekani. Hana dira chomboni, na simu yake ni ya vitufe. Akanionyesha bara. Kuna mnazi mmoja mrefu Ushongo, na nyuma yake, mbali, kuna mgongo wa mlima. Mnazi ukikaa sawasawa chini ya mgongo ule, uko kwenye mstari. Kisha anatafuta jozi nyingine ya alama upande wa Pangani. Mistari miwili inapokatana, fungu liko chini yako. Alama moja haikusaidii, alisema. Moja unaweza kuiona ukiwa popote.

Sikumwambia, kwa sababu ingekuwa kama najisifia kwa niaba ya viwanda, lakini droni za gharama za kupimia zinafanya karibu hivyo. Zina antena mbili za setilaiti, moja kila upande. Nukta moja haina uso. Nukta mbili zina mstari, na mstari una mwelekeo, bila kuuliza sumaku chochote. Siku idara yetu ikinunua moja, maneno yote haya ya kujizungusha mchangani yatakuwa historia. Haitanunua karibuni.

Tulirusha tena saa tano kasoro. Ikapanda mita hamsini, ikasimama pale kama imepigiliwa misumari. Tulipata picha zote kabla maji hayajagusa bango la kwanza. Niongeze kwamba picha zenyewe hazikuhitaji dira sana. Programu ya kuunga ramani inajua kuzigeuza zenyewe kwa kufananisha mchanga na mchanga, mabango na mabango. Dira ilikuwa kwa ajili ya droni kurudi.

Siku ile kulikuwa na watu wengine fungun: vijana wa Ushongo wanaohamisha mayai ya kasa. Jike akitaga Maziwe, kiota kinafunikwa na maji na mayai yanakufa. Kwa hiyo wanalichimbua tuta taratibu, wanaweka mayai kwenye ndoo yenye mchanga wa kiota kilekile, wanayavusha hadi ufukwe wa Ushongo na kuyafukia upya kwa kina kilekile. Sharti kuu ni kwamba yai lisigeuzwe. Saa chache baada ya kutagwa, kiumbe kilichomo kinajishikiza kwenye ganda; ukiligeuza juu chini, unakiua. Waliomba tuwasaidie kuvuka kwa sababu mashua yao ilikuwa imekwenda na watalii.

Kwa nini kasa wanaendelea kuja pale? Hili liko nje ya tasnifu yangu, msimamizi ameshaliandikia pembeni kwa kalamu nyekundu. Lakini kasa nao wana dira. Kenneth Lohmann na wenzake, Chuo Kikuu cha North Carolina, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba kasa wanauhisi uga wa dunia, nguvu yake na mwinamo wake, na wanautumia kama ramani. Dhana yao ni kwamba kasa mdogo anapotoka kiotani anakariri uga wa ufukwe ule, na jike akikomaa, miaka ishirini, thelathini, pengine hamsini baadaye, anautafuta uleule. Mwaka 2015 Lohmann na mwanafunzi wake, J. Roger Brothers, walilinganisha rekodi za miaka 19 za viota vya kasa aina ya duvi huko Florida na jinsi uga unavyohama polepole kando ya pwani. Pale ambapo saini za sumaku za fukwe jirani zilisogeleana, viota navyo vilisongamana.

Nilipiga hesabu tukiwa mashuani. Jike aliyeanguliwa Maziwe mwaka 1975, chini ya mivinje, leo ana miaka hamsini. Inawezekana kabisa yuko hai. Alikariri mahali mara moja, akiwa mdogo kama kiganja, na hakuna mtu wa kumzungusha upya. Anafika kwa usahihi ambao droni yangu haina, na anapofika hakuna kisiwa. Sijui niite kosa la nani.

Na hawa wa kwenye ndoo je? Wataanguliwa Ushongo, watakariri Ushongo, wakiwa hai watarudi Ushongo. Au watarudi karibu na hapo. Tofauti ya uga kati ya Ushongo na Maziwe ni ndogo mno, vyombo vya safari ndefu baharini haviwezi kutegemewa kutenganisha sehemu zilizo karibu hivyo, na haijulikani kasa anatumia nini katika kilomita za mwisho, harufu imetajwa. Kwa hiyo huenda baadhi yao, mwaka 2060 na kitu, watapanda tena kwenye fungu, kama fungu litakuwepo.

Mashua ilikuwa imejaa. Droni ilikaa ndani ya sanduku lake miguuni kwangu, na ndoo iliwekwa nyuma, karibu na injini, ambako palikuwa na nafasi. Nahodha aliitazama, akasimamisha chombo kabla hatujafika mbali, akamwita kijana mmoja aishike pande zote mbili na kuileta mbele, pole pole, isiyumbe. Nikamuuliza kwa shauku kama ni kwa sababu ya sumaku ya injini.

"Sumaku gani?" akasema. "Pale nyuma pana joto, mwanangu. Yataiva."